Bi Kilua Aliyekula Daraja

Nchi ninayoisimulia haipo. Ikitokea msomaji akaona inafanana na nchi anayoifahamu, kasoro ni ya macho yake, na ninamshauri aende hospitali ya wilaya mapema asubuhi, akae kwenye benchi, asubiri mpaka aambiwe kuwa mashine ya kupimia macho imeharibika. Mimi mwenyewe ni mtu mtiifu. Naipenda sana serikali ya nchi hiyo isiyokuwepo, na yote nitakayosema hapa nayasema kwa kuisifu.

Katika nchi hiyo kuna korongo. Linaitwa Korongo la Mayowe, kwa sababu upepo ukipita humo ndani hulia kama mama aliyefiwa. Lina kina kirefu kiasi kwamba ukidondosha jiwe unaweza kuanza mazungumzo mengine kabla hujalisikia likitua. Upande huu kuna kijiji cha Kisambale, na upande ule, mkabala kabisa, kuna Mlegele. Watu wa pande hizo mbili wanaonana vizuri. Mwanamke wa Kisambale anaweza kumwona mwenzake wa Mlegele akianika nguo yenye tundu, akacheka. Lakini kumfikia ni safari. Unashuka kwa kijia chembamba kilichokatwa ubavuni mwa mwamba, unaruka mawe ya mto, unapanda tena upande wa pili, na njia nzima hakuna hata kamba ya kushika. Watu huteleza, na aliyeteleza harudi kusimulia.

Ndani ya korongo hilo umo mzimu wa Bi Kilua. Inasimuliwa kwamba alikuwa mrembo aliyejitupa humo kwa hasira za mapenzi, na tangu hapo humwita mpita njia kwa jina lake, kwa sauti tamu. Ukigeuka kumtazama, umekwisha. Ndiyo maana watu wakiwa kwenye kijia kile huitana kwa majina ya uongo. Unaweza kumsikia mwanamume mzima na ndevu zake akiitwa Mwajuma, naye anaitika bila aibu.

Ilikuwa hadithi ya kuwatishia watoto, hakuna zaidi. Kisha Wizara ya Ujenzi, Madaraja na Matumaini ikagundua matumizi yake.

*

Ugunduzi wenyewe ulitokea kwa bahati, kama ugunduzi mwingi mkubwa. Mwaka mmoja serikali ilitoa vyuma vya kuweka uzio kando ya kile kijia. Vyuma vikafika wilayani, lakini korongoni havikufika. Mkuu wa Wilaya alipoulizwa kikaoni, alivua miwani, akasema kwa huzuni kubwa, "Ndugu wajumbe, kule kuna yule mama."

Hakuna aliyeuliza tena. Wengine waliinamisha vichwa. Mjumbe mmoja mcha Mungu akaomba kikao kifungwe kwa dua.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Ikapotea saruji, ikasemwa ni yule mama. Zikapotea nyaya, ni yule mama. Lori lililobeba saruji nalo lilichukuliwa na mzimu, kisha likaonekana mjini likisomba mchanga wa mtu binafsi, jambo ambalo kwangu mimi ni ushahidi wa jinsi mizimu ya siku hizi inavyopenda kujiajiri.

Mwisho likaliwa daraja lenyewe. Hilo lilikuwa daraja la kisasa, la chuma, lililojengwa kwa fedha za wafadhili kutoka nchi za mbali. Lilijengwa kwa awamu katika hotuba mbalimbali. Likazinduliwa ndani ya ukumbi mjini, kwa sababu za usalama, na kwenye ramani mpya ya taifa likachorwa kwa wino mwekundu. Watu wa Kisambale walisikia redioni kwamba sasa wanavuka kwenda Mlegele bila shida. Walifurahi, ila walishindwa kujua wanavukia wapi.

*

Wafadhili nao walikuwa na tabia mbaya ya kutaka kuona. Wakaja. Wakasimama kwenye ukingo wa korongo na kofia zao za jua, wakatazama huku na huku, wakauliza daraja liko wapi.

Waziri alikuwepo. Huyu ni Mheshimiwa Dokta Injinia Barnaba Mpelumbe, mtu ambaye hajapata kutumia neno moja mahali ambapo saba yanaweza kukaa. Akasogea mbele, akakohoa.

"Waheshimiwa wageni wetu," alisema, "kwa niaba ya serikali sikivu, na kwa niaba yangu mwenyewe ambaye pia ni msikivu, napenda kuwafahamisha kwamba daraja mnaloliulizia lilikuwepo kimipango, lipo kimaono, na litakuwepo kimkakati. Ila kwa leo, na nasema haya kwa uchungu, limeliwa."

"Limeliwa na nani?"

Waziri akanyoosha kidole chini kuelekea korongoni, akasimulia habari za Bi Kilua kwa ufasaha mpaka dereva wake akasisimka mwili. Alitarajia wageni watapiga picha na kuondoka. Lakini wale watu walikuwa wamehudhuria semina ya kuheshimu mila za wengine. Hawakucheka. Kiongozi wao alitikisa kichwa kwa heshima, akauliza swali ambalo tangu uhuru halijapata kuulizwa katika nchi ile.

"Na mmemchukulia hatua gani?"

*

Kwa hiyo hatua ikabidi ichukuliwe. Koplo mmoja alitumwa ukingoni na kipaza sauti, akamsomea Bi Kilua hati ya kumwita mahakamani. Mwangwi ukamrudishia kila neno. Koplo akaripoti kituoni kwamba mshtakiwa amepokea wito, ila amekaidi, na anamwiga afande.

Mshtakiwa asipopatikana, hutafutwa ndugu. Bi Kilua alikuwa na mjukuu, mama mmoja anayeitwa Siwatu, mjane, mfuga mbuzi na mlima karanga. Shamba lake liko palepale ukingoni, mahali ambapo jioni jua linapozama korongo zima hugeuka rangi ya papai. Kwa bahati tu, na nasisitiza ni bahati, shemeji yake Waziri alikuwa amepaona mahali hapo akapapenda kwa ajili ya hoteli.

Koplo akaja na kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya X kwenye ukuta wa nyumba.

"Afande, hiyo nini?" Siwatu akauliza.

"Ni taarifa, mama. Bibi yako kala daraja la serikali. Lazima lilipwe, na wewe ndiye mrithi. Akipatikana na hatia, shamba na nyumba vinachukuliwa."

"Bibi yangu kafa mama yangu akiwa ananyonya! Mie nimerithi nini kwake, afande? Kushiba?"

Koplo alikuwa mtu mwema, akaona haya. Alimaliza mguu wa pili wa X haraka, akaondoka. Siwatu akakaa kizingitini. Mume wake alizikwa nyuma ya nyumba ile, chini ya mipapai. Watoto wake walisoma kwa karanga za shamba lile. Hakuwa na mahali pengine duniani pa kuweka hata chungu. Alilia peke yake kwa kwikwi, na mimi niliposimuliwa nilihuzunika, kwa kiasi kinachoruhusiwa.

Alipomaliza kulia alijifunga kanga kiunoni, akashuka korongoni kwenda Mlegele kwa mtani wake.

*

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo serikali ililisahau, ingawa mawaziri wote wamezaliwa nalo. Watu wa Kisambale na watu wa Mlegele ni watani. Kila upande una ruhusa ya kuutukana mwingine, kuuchukulia kuku, na kuucheka mbele za wakwe. Na msiba ukitokea Kisambale, mtani kutoka Mlegele huja akavaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kwa sauti yake, akatoa na siri zake, mpaka wafiwa wenyewe wacheke bila kupenda. Siku zote hizo mtani ndiye marehemu. Hakuna wa kumziba mdomo, na anayemkasirikia hutozwa mbuzi. Matanga yakiondolewa, mtani huvua zile nguo, huwakabidhi wenyewe, na marehemu ndiyo kaenda moja kwa moja.

Mtani wa ukoo wa Siwatu alikuwa Mzee Chitemo, muuza nyama, mwenye tumbo la kutosha na masharubu yaliyochongoka kama pembe za beberu. Siwatu alimkuta buchani akipasua mguu wa ng'ombe, akamweleza yote huku machozi yakimtoka. Chitemo akaweka panga chini, akacheka mpaka akashika meza.

"Nyie watu wa Kisambale walafi tangu enzi," alisema, "lakini daraja zima! Hata nguzo moja hamkutubakishia watani zenu?"

"Chitemo, nanyang'anywa shamba."

"Nasikia, nasikia." Akafuta mikono, uso ukatulia. "Hebu nambie. Matanga ya bibi yako yalikwisha kuondolewa?"

Siwatu akafikiri. "Mama aliniambia hayakuondolewa. Maiti haikupatikana, basi watu walingoja, wakangoja, mpaka wakaacha kungoja."

"Basi bado ni marehemu wangu," alisema Chitemo. "Niletee kanga, mla panya wewe. Na iwe pana."

*

Kesi ilisikilizwa uwanjani chini ya turubai, kwa kuwa jengo la mahakama ya wilaya nalo lilikuwa limeliwa, ingawa liko mbali sana na korongo. Watu walijaa. Waziri alikaa mstari wa mbele na wapiga picha wake. Hakimu alikuwa Salehe Dachi, mwanasheria makini, aliyebakiza muda mfupi kustaafu na asiyependa kuhamishwa.

"Mshtakiwa yupo?" aliuliza.

Wakili wa Serikali, Bwana Ngonyoro, akasimama. "Mheshimiwa Hakimu, kwa maumbile ya mshtakiwa, tunaomba shauri lisikilizwe bila yeye."

"Nipo, mwanangu!" ikasikika sauti nyembamba kutoka nyuma. "Nilikuwa najifunga kanga vizuri. Si unajua korongoni kuna upepo."

Akaingia Mzee Chitemo. Alikuwa amevaa kanga mbili, shanga, na kilemba, na masharubu yake yote. Alitembea kwa mapozi, akiwapungia watu, akafika kizimbani akamkonyeza Koplo. Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko. Wakili akapinga. Hakimu akauliza mila inasemaje, na mila ikathibitishwa na wazee wa pande zote mbili, na karani wa mahakama, na Koplo mwenyewe ambaye mama yake ni wa Mlegele. Sheria za nchi ile huheshimu mila, hasa zile ambazo hakuna aliyewahi kuzitumia mahakamani. Wakili Ngonyoro naye akatafakari haraka, akaona mshtakiwa anayeweza kusema anaweza pia kukiri. Akaondoa pingamizi huku akitabasamu.

"Bi Kilua," akasoma karani, "unashtakiwa kwamba kwa kukusudia, bila kibali, ulikula daraja la Jamhuri pamoja na nguzo, nyaya, nondo, saruji na lori lake. Ni kweli si kweli?"

"Kweli tupu, mwanangu. Na nilibeua."

Wakili akapiga makofi kabla hajajizuia. Waziri akaegemea kiti. Siwatu, aliyekaa na wanawake wenzake, moyo ulimdondoka, maana hukumu ya bibi ndiyo hukumu ya shamba. Alimtazama mtani wake kwa hofu, akawaza labda amemtegemea mlevi.

"Upande wa mashtaka umemaliza," alisema Wakili.

"Umemaliza wapi na mie sijawataja wenzangu?" Chitemo akashika kiuno. "Mheshimiwa Hakimu, mie kizee cha watu, nimebaki na jino moja. Nondo zile ningeziweza peke yangu? Nondo nilikula na Mkuu wa Wilaya. Yeye akachukua zilizonyooka, mie nikapewa zilizopinda. Saruji nilikula na Katibu wa Wizara. Yule mtoto anapenda kuchovya, nenda kaangalie lile ghorofa lake. Nyaya aliziomba Mhandisi Mkuu, nikamwachia, ana familia. Na lile lori," akageuka, akamtazama Waziri kwa mapenzi ya bibi, "lori alilimeza huyu mwanangu Barnaba. Mzima mzima! Hata taa hakutema. Nikamwambia tafuna kwanza baba, utapaliwa. Hakusikia. Tangu utoto wake hasikii."

Watu walianguka chini kwa kucheka. Mwanamke mmoja alilazimika kutolewa nje ya turubai akapepewe. Waziri aliruka wima, shingo imemvimba.

"Huu ni uchochezi! Kamata huyo!"

Kisha uwanja mzima, wazee kwa watoto, ukasema neno moja.

"Mbuzi!"

Waziri akamgeukia Hakimu. Hakimu akamtazama kwa huruma. "Mheshimiwa Waziri," alisema polepole, "umemkasirikia mtani katika msiba. Mila ni mila." Mbuzi wa Waziri akaandikwa.

Hakimu Dachi alijifungia na vitabu vyake, akatoka na hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wa nchi ile wanaisoma mpaka leo. Alisema maneno ya mshtakiwa juu ya nafsi yake ni ushahidi, na maneno yake juu ya waheshimiwa ni utani. Hivyo waheshimiwa wako huru, na Bi Kilua amepatikana na hatia kwa kukiri mwenyewe. Akamhukumu kifungo cha maisha. Hakufafanua ni maisha yapi.

"Na shamba?" Wakili akauliza.

"Mshtakiwa," Hakimu alisema, "je, mjukuu wako alionja?"

"Hata ukoko," Chitemo akajibu, na hapo sauti yake ya kizee ilitetemeka kidogo. "Sikumpelekea hata ukoko, mjukuu wangu yule."

Hakimu akakuna kichwa, akaamua shamba likae kwanza chini ya uangalizi wa Wizara. X ikabaki ukutani, na Siwatu akarudi nyumbani akiwa hajui kama hapo ni kwake au ni kwa watu.

*

Mtani hafungwi, hivyo Mzee Chitemo akarudi buchani kwake; aliyefungwa ni Bi Kilua. Alipewa selo yake mwenyewe katika gereza la wilaya, na mgawo wa chakula ukatolewa kwa jina lake kila siku, ugali, maharage, na Ijumaa nyama. Sahani ilirudi tupu kila mara. Bwana Jela alimsifu kwa kila mgeni kwamba ni mfungwa wake bora, hagombani, haugui, hadai blanketi. Askari wa zamu aliyempelekea chakula alinenepa sana kipindi hicho, nadhani kwa furaha ya kazi.

Wafadhili waliposikia walifurahi kupita kiasi. Nchi inayofunga hata mizimu! Wakaleta saruji mpya, vyuma vipya, na nyaya mpya, kwa kuwa sasa hakuna wa kuvila.

Kumbe hapo ndipo balaa ilipoanzia. Vifaa vilifika wilayani, na kwa mazoea tu, bila nia mbaya, mifuko kadhaa ya saruji ikaanza safari ya kwenda mjini. Simu ikapigwa kutoka kwa wafadhili.

"Saruji imepungua. Nani kachukua?"

"Kule kuna yule mama," akajibu Mkuu wa Wilaya.

"Yule mama si yuko gerezani?"

Kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa lile, swali liliingia wizarani likazunguka kila ofisi, likapanda ngazi, likashuka, na halikukuta mzimu wa kusingiziwa. Watu walitazamana. Keshoye mifuko ilikutwa stoo imerudi yenyewe, ina vumbi la safari na imechoka. Hakuna aliyeuliza ilikuwa wapi.

Nguzo zikaanza kuota ukingoni mwa korongo. Wahandisi wa Wizara walipata shida sana mwanzoni, kwa kuwa walikuwa hawajapata kujenga kitu kinachoonekana, lakini walijifunza. Chuma kikatambaa kutoka Kisambale kuelekea katikati ya korongo. Kule mjini, maghorofa kadhaa ya watumishi wa umma yalisimama bila paa, na shemeji yake Waziri akaanza kumnunia dada yake. Wizara nzima ilikuwa na majonzi. Wengine waliishi kwa mishahara yao peke yake.

Hapo Waziri akapata wazo. Bi Kilua atoke.

*

Sikukuu ya Uhuru ilikuwa inakaribia, na katika sikukuu hiyo Mtukufu Rais husamehe wafungwa. Jina la Bi Kilua likaingizwa, kwa sababu ya uzee na tabia njema. Mtukufu akatia saini bila kusita, maana anawapenda wazee. Kikwazo kilikuwa kimoja. Sheria ya magereza ya nchi ile inataka mfungwa mzee apokewe getini na ndugu wa damu, la sivyo hatoki.

Waziri akaenda Kisambale mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha Siwatu, magoti yakimgusa kidevu.

"Dada yangu Siwatu," alisema, "serikali inakupenda. Njoo umpokee bibi yako. Ukimpokea tu, X inafutwa, na hati ya shamba hili naikabidhi mikononi mwako. Usipokuja, basi, itabidi lile suala la uangalizi tulimalize."

Siwatu alitazama ukuta wake. Alitazama na lile daraja, lililofika katikati likaishia hewani, na ng'ambo yake Mlegele inangoja. Alijua vizuri kwamba mzimu ukitoka leo, kesho hakitabaki hata kishikizo. Angepata shamba, na watu wangeendelea kuteleza mbele ya macho yake. Hata hivyo nyumba ilikuwa nyumba yake, na kaburi lilikuwa la mume wake. Hakulala vizuri kwa siku kadhaa, na wakati mwingine alijichukia kwa kutamani kusema ndiyo.

"Nitakuja, Mheshimiwa," alisema hatimaye. "Ila hati unikabidhi palepale getini, kwanza, watu wakiona. Jambo kubwa kama hili lisifanywe kimyakimya."

Waziri alikubali haraka. Hakuna alichokipenda kama kukabidhi kitu mbele ya kamera.

Siku ilipofika, bendi ya magereza ilipiga, televisheni ya taifa ikarusha moja kwa moja, na Waziri akahutubia juu ya huruma. Akamkabidhi Siwatu hati. Siwatu akaisoma yote, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha geti likafunguliwa.

"Bi Kilua, toka, uko huru!" akatangaza Bwana Jela.

Upepo ukavuma. Kuku mmoja akatoka.

"Simwoni," alisema Siwatu.

"Ametoka, mama. Huyo hapo kando yako," Bwana Jela akasema.

"Wewe unamwona?"

Bwana Jela akamtazama Waziri. "Namwona kiasi," alisema.

"Sitoki!"

Sauti ilitoka kizingitini mwa geti. Mzee Chitemo alikuwa ameketi hapo na kanga zake, miguu kainyoosha, akishikilia nguzo kwa mikono miwili. Watu waliokuja kwa mabasi kutoka pande zote mbili za korongo wakapiga vigelegele.

"Sitoki, Barnaba mwanangu! Nje niende kufanya nini? Huko nyie wanangu mna njaa, nikitoka mtaniambia tukale wote, na meno yangu unayajua. Humu nashiba. Muulize huyu askari, tumbo lake ndiyo shahidi wangu."

Askari akavuta pumzi kuingiza tumbo ndani, ikashindikana.

"Basi utatoka lini, bibi?" Siwatu akamuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kamera.

"Siku nitakayokwenda Mlegele kwa miguu yangu, nikipita juu ya daraja. Siku hiyo nitatoka, na huyu Barnaba ndiye atakayenishika mkono."

Macho yote yalimgeukia Waziri. Taifa zima lilikuwa likimtazama. Shingo ilianza kumvimba, kisha akamkumbuka mbuzi, akatabasamu. Alitabasamu kwa muda mrefu sana, mpaka mashavu yakaanza kumcheza, na mtangazaji akasema Mheshimiwa ameguswa. Katika nchi ile hakuna sheria inayosema mfungwa akikataa msamaha afanywe nini. Ikabidi daraja liishe.

*

Likaisha. Nililiona kwa macho yangu, na nikalishika. Siku ya uzinduzi Siwatu alikuwa amepaka ukuta wake chokaa mpya, X haionekani, na mbuzi wake wanakula mpaka kwenye viatu vya wageni. Waziri alimshika mkono Bi Kilua mwenye masharubu yake, wakasimama kwenye utepe. Alihutubia kwa muda mrefu kuhusu jinsi serikali ilivyoushinda mzimu kwa utawala bora, kisha akamwomba mwakilishi wa familia aseme machache. Yeye alitegemea shukrani.

Siwatu akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Bibi yangu hakujitupa kwa ajili ya mapenzi," alisema. "Bibi yangu alikuwa mkunga. Mvua ilikuwa inanyesha, akaitwa Mlegele, kuna mama kashikwa na uchungu. Akamwacha mama yangu mchanga kwa jirani, akashuka kwa kile kijia, akateleza. Mama yangu alinieleza, na wazee wa hapa wanajua." Wazee waliinamisha vichwa. Walikuwa wanajua. "Mmesema kala daraja. Sawa, tumecheka. Ila bibi yangu alikufa kwa kukosa daraja. Nilitaka tu mtu alisikie hilo, mara moja."

Hakuna aliyecheka. Mzee Chitemo, ambaye kwa mila alitakiwa kutoa mzaha hapo hapo, hakuutoa. Akatazama ng'ambo, kwao. Kisha akavua kilemba, akavua shanga, akavua kanga, akabaki na fulana yake ya buchani. Akazikunja nguo zile vizuri na kumkabidhi Siwatu.

"Mtani, shika za mwenyewe," alisema. "Kaenda."

Siwatu akazipokea, akalia, safari hii watu wakiwa wamemzunguka. Wanawake wa Mlegele walikuwa wameshavuka kuja kumshika, wakiukatiza utepe bila kujua kuwa ulikuwa wa kukatwa na Waziri.

Mheshimiwa hakukasirika. Kinyume chake, alionekana mwenye faraja kubwa, ya mtu aliyerudishiwa rafiki wa zamani. Akamwinamia Mkuu wa Wilaya, akamnong'oneza, ila kipaza sauti kilikuwa karibu na watu wote wakasikia. "Vizuri. Yule mama sasa yuko huru. Ule mradi wa zahanati ya Mlegele unaanza lini?"

Siwatu alifuta machozi kwa kanga ya bibi yake, akamgeukia.

"Mheshimiwa," alisema kwa upole, "hukuona? Matanga yamekwisha. Bibi yangu tumemzika leo, mbele yako. Zahanati mtaila peke yenu."

Mheshimiwa akacheka. Kisha akawatazama watu, akaacha.